Mkono Uliokataliwa na Mbu

Wako wanaofuga kuku, wako wanaofuga njiwa, na wako wanaofuga maneno ya jana, wakayalisha mpaka yakanenepa. Yeye alifuga mbu. Si kwa uvivu wa kufyeka nyasi, hata kidogo. Kwa kazi ya kuajiriwa, yenye koti jeupe na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Na mbu wake hawakuwa wa kubahatisha kama hawa wetu wa mtaroni, wasiojua baba wala babu. Wale walikuwa na ukoo. Bibi mzaa bibi yao alizaliwa katika chumba kile kile, akafa katika chumba kile kile, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuliona jua.

Chumba chenyewe kilikuwa chini kabisa ya jengo la utafiti la chuo, mwisho wa ukumbi, ukishapita stoo ya viti vibovu. Unafungua mlango, unakuta pazia la wavu. Unalipita, unakuta mlango mwingine. Na ndani kuna joto na unyevunyevu kama umeingia kinywani mwa ng'ombe. Kwenye rafu vimepangwa vizimba vya wavu mweupe, kila kimoja ukubwa wa televisheni ya zamani, na kila kimoja kimeshonewa ubavuni mkono wa kitambaa kama wa shati, ili mtu aingize mkono wake bila mbu kutoka. Chini ya rafu kuna mabeseni ya viluwiluwi, kazi yao kujinyonganyonga tu, kama watoto walioitwa kuoga.

Kila asubuhi aliwanyunyizia viluwiluwi chakula cha samaki, akabadilisha pamba zilizolowekwa maji ya sukari kwa ajili ya madume, maana mbu dume ni mstaarabu, damu hagusi. Kisha alikunja mkono wa koti, akaingiza mkono wake wa kushoto kizimbani, akatulia kama anayepimwa suti. Majike wakaja mezani. Bila damu jike hatagi, na bila mayai hakuna ukoo.

Ndiyo maana jengo zima, kuanzia mfagizi mpaka mkuu wa chuo, walimwita Karamu.

Watu wana midomo. Walisema mbu wa Karamu wamenona hata wakitua mezani kikombe kinatikisika. Walisema mmoja aliwahi kutoroka, akakutwa kwenye basi amekalia kiti cha wazee na hataki kubanduka. Hayo ya basi labda wameongeza chumvi. Ya kikombe, sijui nani atabisha, maana aliyeona ameona.

Kazi hiyo hakuiomba. Alikuja chuoni kijana, fundi rangi, kupaka kuta za ukumbi. Jioni moja mbu walivamia kutoka bwawa la maua, kila mtu akawa anajizaba makofi kama anapigana na deni lake mwenyewe, isipokuwa yeye, aliyekuwa juu ya ngazi, shingo imejaa mbu, ametulia kimya. Profesa wa wadudu, mama mmoja mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akasimama chini akamtazama.

"Wewe hawakuumi?"

"Wananiuma, mama."

"Mbona huwapigi?"

"Mkono mmoja umeshika brashi, wa pili umeshika ngazi. Niwapige na nini?"

Profesa alikuwa amemtafuta mwaka mzima mtu wa namna hiyo. Utafiti wake ulikuwa hivi: alitaka kujua kama mbu waliolelewa kwa harufu ya mtu mmoja, mama mpaka mtoto, mjukuu mpaka kitukuu, watakuja kumpenda mtu huyo kuliko binadamu wengine wote. Kwa hiyo sharti lilikuwa moja: mkono mmoja, wa mtu mmoja, vizazi vyote. Ugonjwa hakuwa na hofu nao, kwa sababu mbu wale hawakuwahi kumng'ata mtu mwingine wa kuwapa ugonjwa. Karamu akaacha brashi. Ukuta ule mpaka leo nusu ni wa buluu na nusu ni wa kale.

Miaka ikaenda, nywele zikaanza kuota mvi, na kila ulipopimwa upendo wa mbu wale, jibu lilikuwa lile lile: wanampenda Karamu. Ukiweka soksi yake upande huu na soksi ya mkuu wa chuo upande ule, wote wanahamia kwa Karamu. Alijifanya hajali. Lakini mtu ambaye hajawahi kupendwa na kundi hawezi kujua utamu wake.

Basi, asubuhi moja, Jumatatu, akaingiza mkono kama kawaida. Majike wakainuka wote kwa pamoja, vuuu, wakamjia. Walipofika karibu, wakasita. Wakaelea kidogo, kama mtu aliyefunua sufuria akitegemea wali akakuta nguo zimechemshwa. Kisha wakageuka. Wote. Wakaenda kubandika migongo yao kwenye wavu wa upande wa pili, mbali naye kadiri kizimba kilivyoruhusu.

Karamu akangoja. Akausogeza mkono. Wakauhama. Akajaribu kizimba cha pili, cha tatu. Kote ni mkono kuingia, wenyeji kuhama. Akajisemea, labda wameshiba. Lakini wangeshiba nini, na mlo wao ni yeye?

Kesho yake yale yale. Siku iliyofuata akamwita Profesa. Profesa akakunja mkono wake mwenyewe, akauingiza kwenye kizimba cha akiba, kile cha pembeni kisicho cha utafiti, ambacho nacho kilikuwa kimemkataa Karamu. Hata hajauweka sawa, wamemvaa. Wakala kwa pupa, wakavimba matumbo mekundu, wakaanguka chini kwa shibe.

"Njaa wanayo," alisema Profesa, akijikuna. "Hawana tatizo. Tatizo, Karamu, ni wewe."

Alisema kama mtu wa sayansi asemavyo, bila ubaya. Lakini neno lile lilimwingia Karamu likatafuta mahali pa kukaa, likapapata.

Kwa maana Karamu alilelewa na bibi yake, na bibi alimhadithia jinsi babu alivyokufa. Siku moja kabla, chawa walionekana wakishuka kutoka kwenye blanketi la mzee, mmoja nyuma ya mwenzake, wazee mbele watoto nyuma, hawana haraka, wanahama. Bibi akasema hata hakuhitaji mganga. "Mdudu ana habari zote," alisema. "Damu inayokaribia kuzimwa ina ladha yake. Ukiona chawa wamekuhama, mjukuu wangu, aga watu wako."

Mbu wale walimjua kuliko daktari yeyote. Walikuwa wameionja damu yake miaka yote ile. Na sasa wamemhama.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Profesa alimtuma akapimwe hospitali, akaitikia "ndiyo mama", akazunguka jengo, akarudi kwa mlango wa nyuma. Aliona ni afadhali asisikie. Usiku alilala akisikiliza moyo wake, na moyo ukisikilizwa sana huanza maringo. Mara unakimbia, mara unajificha.

Nyumbani akaanza kuweka mambo sawa. Mlango wa jikoni uliokuwa umelegea tangu mtoto wao wa mwisho yuko tumboni, akaukaza. Akapanga viatu. Akamwambia mkewe, "Chakula chako kitamu." Akamwambia tena, akiwa anaelekea mlangoni, "Wewe ni mwanamke mzuri, unajua?"

Mkewe akaweka mwiko chini.

"Baba watoto, umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Ni nani? Anakaa wapi?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke! Mwanamume haamki tu akakaza bawaba na kusifu mchuzi. Kuna kitu umekivunja unakiziba."

Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kuwatembelea juma lililopita, alikuwa ameketi ukumbini akisikia yote, akanyanyua nyusi bila kunyanyua kichwa. Karamu akatoka. Akaona hata kufa kwa heshima mtu hapewi nafasi.

Kazini, nafsi ilimchoma mpaka akapanda ghorofa ya juu. Jengo lile lilikuwa na ghorofa tatu, kila moja na wazimu wake. Chini walikuwa watu wa sayansi, wasioamini kitu mpaka wakipime. Katikati walikuwa watu wa mambo ya jamii, wasioamini kitu mpaka wamuulize mtu, tena watu wengi, tena swali lile lile. Juu kabisa walikuwa watu wa historia, wasioamini kitu mpaka kiwe kimeandikwa na marehemu. Wakikutana ngazini wakati wa chai, walichekana.

Mzee wa historia alikuwa amezama kwenye makaratasi mpaka kinaonekana kipara tu.

"Shikamoo, mzee. Nina swali la rafiki yangu."

"Marahaba, Karamu. Huyo rafiki ana nini?"

"Ati ni kweli wadudu humhama mtu anayekaribia kufa?"

Macho ya mzee yakawaka kama mtoto aliyeona puto. "Ni kweli kabisa kwamba watu wamesema hivyo! Nchi nyingi, karne nyingi! Mabaharia wamesema, askari wamesema, wakunga wamesema. Chawa, viroboto, kunguni. Keti, keti, nikusomee!" Akamsomea. Akasoma kifo baada ya kifo kwa furaha kubwa, akilamba kidole na kugeuza ukurasa, wala hakuona kwamba msikilizaji wake anateleza kitini kama nguo iliyotundikwa vibaya.

"Asante, mzee," alisema Karamu. "Rafiki yangu atafurahi."

Akashuka akijishikilia ukuta. Kwenye ngazi za katikati akaketi. Hapo ndipo alipokutwa na binti mmoja wa mambo ya jamii, ambaye akikuona umekaa peke yako hawezi kupita. Maswali humwasha kama upele.

"Kaka Karamu! Umepauka hivyo, kulikoni?"

Pengine ni kwa sababu siku hiyo binti hakuwa na kalamu mkononi. Pengine ni kwa sababu siri ikizidi uzito huanguka kwa aliye karibu. Karamu akamwambia yote: mbu, chawa wa babu, moyo wenye maringo.

Binti hakucheka, ingawa mashavu yalimtetemeka. "Pole, kaka. Niambie kwanza, nyumbani kwako mnaishi wangapi?"

"Dada, mimi nakufa, wewe unanihesabia familia?"

"Ndiyo swali langu la kwanza kwa kila mtu. Sijui kuanza vingine."

"Mimi, mke, watoto."

"Kuna mgeni?"

"Mama mkwe."

"Alifika lini?"

"Juma lililopita. Jumamosi."

"Na mbu walikukataa lini?"

"Jumatatu."

Wakatazamana. Mtu mwingine alipita na chai, wakamsubiri apite.

"Wewe dada!" Karamu akanong'ona, amepata nguvu ya kukasirika. "Unataka kusema mama mkwe wangu ni mchawi?"

"Sijasema hivyo. Nauliza tu, tangu amekuja, nini kimebadilika mle ndani? Nani anapika? Nani anafua? Nani anaandaa maji ya kuoga?"

Karamu akahesabu kwa vidole: kupika ni mke, kufua ni mke. Maji ya kuoga. Tangu mama afike, ni yeye aliyekuwa akiamka wa kwanza na kuyaweka bafuni. Yalikuwa na rangi ya chai nyepesi na yalinukia vizuri. Karamu aliyaona na kuyanusa kila asubuhi, na kila asubuhi alijimwagia bila kuuliza, kwa sababu ni mkwe gani mwenye adabu atakayemwendea mama mkwe wake akamwuliza, "Mama, maji ninayoogea yana nini?" Bora ufe.

Na kidogo afe kweli.

Alifika nyumbani mchana, koti jeupe mwilini, jasho tele. Mama mkwe alikuwa uani mbele ya sufuria kubwa, akikoroga kama anayepikia harusi. Mkewe alikuwa anaanika nguo. Karamu akasimama mbali kidogo, macho chini, kama inavyompasa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umewahi leo. Wamekufukuza?"

"Hapana, mama. Nilikuwa... samahani, mama... hiyo sufuria..."

"Sema kwa sauti, mwanangu, mimi si mbu wako nikusikie kwa ngozi."

Mkewe akageuka na nguo mkononi. Karamu akafumba macho, akalisema lote kwa mkupuo: "Mama unaniwekea nini kwenye maji ya kuoga?"

Kuku wa jirani alisita mguu mmoja juu.

"Mchaichai," alisema mama mkwe, bila hata kupepesa. "Na maganda ya ndimu. Na majani mengine ambayo sikutajii, maana ni ya mama yangu."

"Mama!" mkewe akamaka.

"Mama nini? Ulipoolewa, huyu aliniambia anafuga. Nikawaambia majirani, mkwe wangu mfugaji. Miaka yote nangoja angalau lita moja ya maziwa! Nakuja huku, naona mkono wa mtu umetobolewa kama chujio, namwuliza mtoto wako mdogo, ananiambia baba analisha mbu. Analisha na nini? Na yeye mwenyewe!" Akapiga sufuria kwa mwiko. "Mume wa binti yangu analiwa na wadudu, nami nikae nikinywa chai? Nikasema, hapana. Nitamchemshia dawa, hawatamsogelea mpaka siku ya kiyama. Na hawajakusogelea, au uongo?"

"Hawajanisogelea, mama," alisema Karamu.

Akaketi chini pale pale vumbini na koti lake jeupe. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka machozi yakachora mistari mashavuni, mpaka mkewe akaitupa nguo ile mbichi akamkimbilia.

"Baba watoto! Nini?"

"Sifi," alisema. "Kumbe sifi!"

"Nani alisema unakufa?"

Akamweleza, kati ya kwikwi na kwikwi, habari ya chawa na mbu. Mkewe akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akampiga begani kwa nguvu zote. "Kwa hiyo ile bawaba na yale ya 'mwanamke mzuri' yalikuwa wosia? Juma zima namtafuta mwanamke mtaani, namkagua kila anayepita, kumbe mwenzangu anajizika!" Kisha akamkumbatia, akampiga tena, akamkumbatia.

Mama mkwe alisimama na mwiko wake, kiburi kimeanza kupungua. "Sasa mimi nimefanya kosa gani?"

"Hukukosea, mama," alisema Karamu. "Dawa yako ni kali kupita kiasi, basi."

Profesa aliposikia, hakukasirika, aliomba majani. Mama mkwe akamtumia salamu kwamba hayatolewi bila mwenyewe kuitwa. Akaitwa. Wakati huo Karamu alikuwa anaogea maji matupu, bila sabuni ya harufu, akijisugua kama sufuria iliyoungua, na mbu walikuwa wakipewa pamba ya sukari kuwashikilia roho. Utafiti ungoje kidogo, alisema Profesa. Ulikuwa umeshangoja mengi.

Siku ya kujaribu, chumba kilijaa. Mzee wa historia alishuka, yeye ambaye hakuwahi kushuka kupita ngazi za chai isipokuwa kwenda nyumbani. Binti wa jamii alikuja, akawa anamwuliza mama mkwe amezaa wangapi. Mama mkwe alivaa kanga mpya na akasimama karibu na kizimba, akiwaangalia mbu kama anavyomwangalia mtu anayemdai.

"Ndio hawa?" akauliza. "Hawa wadogo hivi?"

"Ndio hao, mama."

Karamu akakunja mkono wa koti. Alijua ni maji tu, ni majani tu. Lakini moyo wa mtu ni mbishi, hauamini mpaka uone. Akauingiza.

Majike wakainuka, vuuu. Wakaja. Wakasita.

Watu wote wakausogelea wavu.

Mmoja akatua karibu na kifundo. Akatembea kidogo, akaonja upande huu, akaonja upande ule, kama mteja asiyeamini muuzaji. Kisha akainamisha kichwa, akachoma. Wa pili akatua. Wa tatu. Mara mkono ukafunikwa mpaka ngozi haionekani.

"Wananila!" alipiga kelele Karamu. "Profesa, wananila! Mama, njoo uone, wananila wote!"

"Hongera, mwanangu," alisema mama mkwe, hajui aweke uso upi. Hapo hapo mbu mmoja, mnene kuliko wote, akatua kwenye wavu mbele ya pua yake. Mkono wa mama ukapanda wenyewe, kiganja kikafunguka, na watu wote wa chumbani, wa sayansi, wa jamii na wa historia, wakamrukia kwa pamoja wakipiga ukelele mmoja.

Jioni ile Karamu aliketi mlangoni kwake akijikuna kutoka kiwikoni mpaka kwenye vidole, polepole, kwa raha. Mkewe akamletea mafuta ya kupoza.

"Acha," alimwambia. "Acha kwanza niwashwe."